Ngozi imefifia na chunusi haziishi: ni urithi au ni tabia zangu?

Swali: Nina umri wa miaka 34, na ngozi ya uso wangu imebadilika sana katika kipindi cha mwaka mmoja na nusu uliopita. Mashavu ni makavu na yamekosa nuru, ilhali kwenye paji la uso na kidevuni hutoka chunusi ambazo kila zikipona huacha madoa meusi. Ninakunywa maji lita tatu kwa siku, ninasugua uso kwa skrabu asubuhi na jioni, na madoa ninayapaka maji ya limau. Kazi yangu ni ya ofisini, kando ya dirisha. Usiku ninalala kwa muda wa saa tano hivi, na nikielemewa na kazi huvuta sigara mbili tatu. Ndugu zangu wananiambia kwamba ngozi ni urithi, nisijisumbue. Je, tabia za kila siku zina uzito gani hasa, na nianze kubadilisha ipi?

Jibu: Dada, nakushukuru kwa kueleza mambo kwa ukamilifu, maana sehemu kubwa ya jibu imo humo humo ndani ya maelezo yako. Tabia zako zina uzito mkubwa, ila si zile ulizozipa kipaumbele. Maji ya kunywa, ambayo umeyatanguliza, yana mchango mdogo kuliko yote uliyoyataja. Kusugua, limau, dirisha na sigara, ambavyo umevitaja kama kwa kupita tu, ndivyo vinavyoitesa ngozi yako kwa sasa. Kwa hiyo sitafuata mpangilio wako bali nitafuata uzito wa mambo, na pale penye uzito nitakaa kwa muda mrefu zaidi.

Kuhusu urithi, ndugu zako hawakukosea, wameishia njiani tu. Ni kweli kwamba wingi wa melanini (rangi ya asili ya ngozi), ukubwa wa tezi za mafuta, wepesi wa mtu kupata chunusi au pumu ya ngozi, na hata namna makovu yanavyopona, vyote hutokana kwa kiasi kikubwa na wazazi. Hata hivyo, ngozi huzeeka na kuchakaa kwa njia mbili zinazokwenda sambamba: moja ni ya umri, ambayo hakuna anayeikwepa, na nyingine ni ya mambo yanayoipata kutoka nje. Unaweza kuziona njia hizo mbili kwenye mwili wako mwenyewe. Simama mahali penye mwanga wa kutosha, inua mkono, utazame ngozi ya upande wa ndani wa mkono wa juu, karibu na kwapa, kisha uilinganishe na ngozi ya mgongo wa kiganja na ya shingo kwa mbele. Sehemu zote hizo zina umri mmoja na jeni zile zile, lakini ile ya karibu na kwapa ni laini zaidi na rangi yake imelingana, kwa sababu haikuonja jua wala sabuni kali kama zile nyingine. Tofauti unayoiona hapo haikutokana na urithi.

Naanza na kusugua, kwa sababu ndiko kunakoleta kile kinachokuchanganya, yaani uso ulio mkavu na wenye chunusi kwa wakati mmoja. Tabaka la nje kabisa la ngozi ni jembamba mno, na limeundwa na seli zilizokwisha kufa zilizopangwa kama vigae vya paa, huku katikati yake kukiwa na mafuta maalumu, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasitoroke kwenda hewani na kuzuia vitu vya nje visipenye kuingia ndani. Seli hizo hujibandua zenyewe kidogo kidogo, na kwa kijana mwenye afya safari ya seli kutoka chini ya tabaka la juu la ngozi hadi kubanduka huchukua takriban wiki nne, muda ambao hurefuka kadiri umri unavyosonga. Kwa maneno mengine, ngozi tayari ina utaratibu wake wa kujisafisha. Skrabu yenye chembechembe ngumu, ikitumiwa mara mbili kila siku, huondoa seli ambazo muda wake haujafika pamoja na mafuta yanayozishikamanisha, na matokeo yake maji hupotea kwa wingi, ngozi hukauka na kubana, kisha huwaka hata kwa losheni ambayo zamani haikuwa na tatizo lolote.

Chunusi nazo hazitokani na uchafu, ingawa ni imani iliyoenea mno, na nadhani ndiyo inayowafanya watu wengi wajisugue kwa hasira. Chunusi huanzia ndani ya tundu la nywele, ambako seli zinazopaswa kutoka hung'ang'aniana, mafuta ya tezi hukwama nyuma yake, bakteria waitwao Cutibacterium acnes huongezeka, na kinga ya mwili huitikia kwa uvimbe na wekundu. Skrabu haifiki huko. Inachofanya ni kuongeza uvimbe juu ya uvimbe, na kwa mtu mwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde uvimbe una gharama ya ziada: seli zinazotengeneza melanini huchokozeka na kumwaga rangi mahali palipoumizwa. Hayo madoa meusi unayopambana nayo ni alama za uvimbe uliopita, na kila unapoyasugua unayapa sababu ya kubaki.

Limau ni kosa la namna hiyo hiyo, tena ni baya zaidi. Ngozi yenye afya ina tindikali hafifu, pH ya kama 5 hivi (pH ni kipimo cha tindikali, na namba ikiwa ndogo tindikali ni kali zaidi), ilhali maji ya limau yana pH ya karibu 2, na kwa kuwa kila hatua moja ya kipimo cha pH ni tofauti ya mara kumi, tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Isitoshe, limau na ndimu zina kemikali ambazo zikiwa juu ya ngozi na kupigwa na jua huweza kuleta jeraha linalofanana na la kuungua, likiacha weusi unaodumu kwa wiki au miezi. Sabuni za kawaida za kipande huelekea upande wa pili, kwani nyingi zina pH ya 9 hadi 10, na baada ya kuzitumia ngozi huhitaji saa kadhaa kurudi katika hali yake. Ndiyo maana uso huhisi kubana baada ya kuoga, hali ambayo wengi huichukulia kuwa ni dalili ya usafi.

Namna ya kuosha uso, basi, iwe hivi. Tumia sabuni ya maji iliyo laini, isiyo na manukato, ambayo haitoi povu jingi, na uitumie jioni. Asubuhi maji matupu yanatosha kwa ngozi kama yako. Maji yawe ya uvuguvugu, kwa sababu maji ya moto huyeyusha mafuta yale yale ya kinga tuliyoyazungumzia. Lowesha uso, pitisha sabuni kwa ncha za vidole bila kukandamiza kwa muda usiozidi dakika moja, suuza vizuri hasa kwenye mstari wa nywele na chini ya taya ambako sabuni hupenda kubaki, kisha kausha kwa kugusagusa na taulo, si kwa kufuta. Kabla uso haujakauka kabisa, paka losheni nyepesi ya kulinda unyevu ambayo chupa yake imeandikwa kwamba haizibi matundu ya ngozi. Losheni haiongezi maji mengi. Kazi yake kubwa ni kuyazuia yaliyopo yasitoroke, na ndiyo maana wakati wa kuipaka una maana kubwa kuliko bei yake. Mafuta mazito ya mgando ni mazuri sana kwa miguu, viwiko na mikono mikavu, lakini kwenye uso wenye chunusi ni afadhali uyaepuke.

Kwa kuwa chunusi zako hutoka pia kwenye paji la uso, chunguza unachopaka kwenye nywele. Mafuta mazito ya nywele huteremka na joto na jasho hadi kwenye paji la uso na kuziba matundu, na wataalamu wa ngozi wamelijua tatizo hilo tangu miaka ya 1970. Paka mafuta kuanzia mbali kidogo na mstari wa nywele, na kama unalala umejifunga kitambaa, kifue mara kwa mara pamoja na foronya.

Sasa nije kwenye dirisha. Mionzi ya jua inayoidhuru ngozi ni ya aina mbili zenye tabia tofauti. Ile iitwayo UVB ndiyo inayounguza ngozi na kuibabua, na kioo cha kawaida huizuia kwa sehemu kubwa. Ile iitwayo UVA haiunguzi kwa namna unayoihisi, hupenya kioo cha kawaida kwa wingi, na huzama hadi tabaka la kati la ngozi, ambako huchochea vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara wake, na kuharibu nyuzi zinazoipa ngozi mnyumbuko wake. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa ndani siku nzima, asihisi joto wala kuungua, na bado upande mmoja wa uso wake ukawa unachakaa. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye umri wa miaka 69, aliyekuwa ameendesha kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa karibu na dirisha, ulikuwa na mikunjo mizito na ngozi iliyonenepa na kulegea, ilhali upande wa kulia ulionekana kuwa wa mtu mwenye umri mdogo zaidi. Uso ni mmoja, usingizi na chakula ni vile vile. Kilichotofautiana ni kioo.

Utasikia ikisemwa kwamba ngozi nyeusi haihitaji kinga ya jua. Maneno hayo yana ukweli nusu. Melanini ni kinga halisi, na makadirio yanayonukuliwa mara nyingi ni kwamba ngozi nyeusi sana ina kinga ya asili inayolingana na SPF (namba ya kinga dhidi ya miale inayounguza) ya takriban 13, ikilinganishwa na kama 3 kwa ngozi nyeupe, na hiyo ni moja ya sababu za watu weusi kuchelewa kupata mikunjo na kuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata saratani ya ngozi inayotokana na jua. Lakini tatizo lako si mikunjo, ni madoa, na kwenye madoa mambo hugeuka. Ngozi iliyo hodari wa kutengeneza melanini ndiyo hiyo hiyo iliyo hodari wa kuweka doa, na doa lililokwisha kuwepo hukolezwa na jua kila siku, si kwa UVA peke yake bali hata kwa mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Mafuta mengi ya kukinga jua hayazuii mwanga huo unaoonekana. Yale yaliyotiwa rangi inayofanana na ngozi, ambayo rangi yake hutokana na oksidi za chuma, huuzuia kwa kiasi, na ndiyo maana kwa mtu mwenye madoa ninapendekeza yenye rangi, ilimradi apate inayomfaa. Kwa mtu aliyezaliwa na ualbino jambo hili halina mjadala wowote, kwake ni suala la kuokoa maisha.

Ushahidi kwamba tabia hii inazaa matunda upo. Katika mji wa Nambour nchini Australia watafiti waliwagawa watu kwa bahati nasibu, wengine wakatakiwa kupaka mafuta ya kukinga jua kila siku na wengine wakaachwa wapake watakavyo wenyewe. Matokeo kuhusu uchakavu wa ngozi, yaliyochapishwa mwaka 2013 na kuhusisha watu wazima 903 wenye umri chini ya miaka 55, yalionyesha kwamba baada ya miaka 4 na nusu kundi la kila siku lilikuwa na uchakavu pungufu kwa asilimia 24. Washiriki wengi walikuwa weupe, kwa hiyo siwezi kukuhamishia asilimia hiyo kama ilivyo, lakini namna mionzi inavyokata kolajeni ni ile ile kwa ngozi zote.

Kinachowaangusha watu wengi ni kiasi cha kupaka. Namba ya SPF unayoiona kwenye chupa hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 katika kila sentimita moja ya mraba, ilhali watu wengi hupaka robo hadi nusu ya hapo, na hivyo kinga wanayoipata ni ndogo kuliko ile waliyoilipia. Kipimo rahisi ni kukamua mistari miwili kwenye kidole cha shahada na cha kati, kutoka kwenye shina la kidole hadi kwenye ncha. Hicho ndicho kiasi cha uso na shingo. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza na SPF 50 huzuia kama asilimia 98, kwa hiyo usihangaike kutafuta namba kubwa, tafuta yenye maandishi kwamba inakinga pia UVA, na uipake ya kutosha. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili na kila unapotokwa na jasho jingi. Ukiwa ofisini, kuhamisha kiti au kuvuta pazia ni kinga isiyohitaji kukumbukwa kila siku, na kwa kweli mimi ningeanza na pazia.

Sigara mbili tatu huonekana kidogo, lakini nitakuambia wazi kwamba ndicho kitu pekee kwenye orodha yako ambacho hakina kiwango kinachokubalika. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu inayoilisha ngozi, na moshi huchochea vile vile vimeng'enya vinavyokata kolajeni ambavyo jua huvichochea. Kwa hiyo mtu anayevuta sigara kando ya dirisha lenye jua hushambuliwa kutoka pande mbili kwa silaha moja. Rangi ya ngozi hufifia, vidonda huchelewa kupona, na mikunjo myembamba hujichora kuzunguka midomo. Sitarefusha hapa kwa sababu unayajua, ila niongeze kwamba ukishindwa kuacha peke yako, dawa na ushauri nasaha wa kuacha sigara vipo na vinasaidia, na hakuna kipodozi kitakachofidia.

Usingizi na msongo nimeviweka pamoja kwa sababu kwako vinaonekana kufuatana. Katika utafiti uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2010, watu 23 walipigwa picha baada ya kulala vya kutosha na tena baada ya kunyimwa usingizi, kisha watu wengine 65 wasiojua chochote wakaombwa kuzipima sura hizo. Sura za walionyimwa usingizi zilionekana kuwa na afya pungufu, zimechoka na hazivutii sana. Huo ni usiku mmoja tu wa kukesha. Msongo wa muda mrefu huongeza kortisoli na homoni nyingine zinazochochea tezi za mafuta, na huchelewesha ngozi kujiunga upya inapoumia. Lakini kuna njia nyingine ambayo wagonjwa huisahau, nayo ni mkono. Mtu akiwa na mawazo hushika kidevu, hupapasa kipele, hukikwaruza na kukikamua bila kujitambua huku macho yako kwenye kompyuta. Chunusi iliyoachwa ikapona yenyewe mara nyingi huacha alama hafifu. Iliyokamuliwa husukuma usaha na mafuta ndani zaidi, na hapo ndipo doa zito au kovu huzaliwa. Kwa siku mbili tu jichunguze mkono wako usio na kazi unakaa wapi ukiwa ofisini. Nimewaona wagonjwa ambao kubandika plasta ndogo juu ya kipele kuliwasaidia kuliko krimu waliyoandikiwa, kwa sababu tu kidole kilikosa pa kukwaruza.

Kwenye chakula kuna maneno mengi kuliko ushahidi. Lililo imara zaidi ni uhusiano wa chunusi na vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa haraka, kama vile vinywaji vyenye sukari, peremende na unga uliokobolewa. Vyakula hivyo hupandisha insulini, na insulini pamoja na homoni zinazohusiana nayo huongeza uzalishaji wa mafuta ya ngozi. Mwaka 2007 watafiti wa Australia waliwafuatilia vijana wa kiume 43 wenye chunusi kwa wiki 12, na wale waliopewa mlo usiopandisha sukari haraka walipata nafuu kubwa zaidi, ingawa ni haki kusema kwamba walipungua pia uzito, kwa hiyo si rahisi kujua ni lipi hasa lililofanya kazi. Maziwa nayo yamehusishwa na chunusi katika tafiti nyingi za uchunguzi, lakini tafiti za namna hiyo haziwezi kuthibitisha kwamba yenyewe ndiyo chanzo. Ukitaka kujua kama yanakuathiri, yaache kwa wiki sita hadi nane bila kubadilisha kitu kingine chochote, kisha uamue. Vitamini C ni ya lazima kwa utengenezaji wa kolajeni, na mtu akiikosa kabisa hupata kiseyeye, ambapo fizi hutoka damu na vidonda vya zamani hufumuka. Lakini anayekula matunda na mboga za kutosha hapati ngozi bora zaidi kwa kumeza vidonge vya ziada. Kuhusu unga wa kolajeni wa kunywa, tumia fedha hizo kwa mafuta ya kukinga jua.

Na maji? Mtu aliyekaukiwa maji mwilini ngozi yake hunywea, na akinywa hurudi. Mtu asiyekaukiwa, figo zake hutoa ziada kama mkojo, na ngozi haipati mgao maalumu. Kunywa kwa kadiri ya kiu yako na hali ya hewa. Mazoezi ni mazuri kwa mzunguko wa damu na kwa usingizi; osha jasho mapema baada ya hapo, inatosha.

Kabla sijafika kwenye mpangilio wa kuanza, nina onyo ambalo hukuliuliza, lakini mtu mwenye madoa hatimaye hukutana na chupa inayoahidi kuyafuta kwa siku chache. Krimu za kung'arisha zinazofanya kazi kwa kasi ya namna hiyo mara nyingi huwa na steroidi kali, hidrokwinoni (kemikali inayopunguza utengenezaji wa rangi ya ngozi) bila usimamizi wa daktari, au zebaki. Steroidi hutuliza chunusi na kung'arisha uso kwa wiki za mwanzo, kisha ngozi huwa nyembamba, mishipa ya damu huonekana, na ukijaribu kuacha uso huwaka na chunusi hurudi kwa wingi kuliko za awali. Hidrokwinoni ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kibuluu ambao ni mgumu mno kutibika. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulilenga pamoja na mambo mengine kuziondoa sokoni krimu na sabuni zenye zebaki. Chupa isiyoorodhesha viambato vyake, usiipake.

Mpangilio wangu kwako ni wa kuacha kwanza na kuongeza baadaye. Kwa wiki nne za mwanzo acha skrabu, limau na chochote kinachowasha. Baki na sabuni laini, losheni, na mafuta ya kukinga jua kila asubuhi. Hamisha kiti. Ongeza usingizi kwa hatua unayoiweza, hata kama ni kwa kulala nusu saa mapema. Usitarajie miujiza katika kipindi hiki, kwa sababu ngozi inakarabati ukuta wake, na kipimo cha mafanikio ni kwamba mashavu hayabani tena baada ya kuosha. Baada ya hapo ongeza dawa moja ya chunusi, si mbili. Kwa mtu mwenye chunusi na madoa kwa pamoja, asidi ya azelaiki hufaa kwa yote mawili, na huweza kutumiwa hata na mjamzito. Retinoidi za kupaka, yaani dawa za jamii ya vitamini A kama vile adapaleni, zina nguvu zaidi katika kuzibua matundu, lakini huwasha mwanzoni na hazitumiwi wakati wa ujauzito. Benzoili peroksidi hupunguza bakteria, ila uangalie foronya na taulo, kwa sababu hufuta rangi ya kitambaa. Dawa yoyote kati ya hizo hupimwa baada ya wiki 8 hadi 12, na anayebadilisha kila baada ya siku kumi hajatumia dawa yoyote. Madoa huchukua muda mrefu kuliko chunusi zenyewe: yaliyo juu juu hufifia kwa miezi sita hadi kumi na miwili, na yaliyozama huchukua zaidi. Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali pale pale na kwa mwanga ule ule, kwa kuwa kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko ya polepole.

Yapo mambo ambayo tabia haziyatatui na yanahitaji daktari mapema. Chunusi za kidevuni kwa mwanamke wa umri wako, zikiambatana na hedhi isiyo na mpangilio au nywele kuota kidevuni na kifuani, huelekeza kwenye homoni na zinahitaji vipimo. Shingo au makwapa yanayokuwa meusi, mazito na laini kama mahameli si uchafu, na kuyasugua hakusaidii. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili hauitikii insulini vizuri, kwa hiyo pima sukari. Vinundu vinavyouma chini ya ngozi na vinavyoacha mashimo visisubiri wiki 12. Vivyo hivyo kidonda kisichopona baada ya mwezi, kipele kinachobadilika umbo au rangi, na hasa doa jeusi jipya kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, ambako ndiko saratani ya melanoma hupenda kujitokeza kwa watu weusi.

Ukiamua kumwona daktari wa ngozi, nenda bila vipodozi usoni, na chukua kwenye mfuko kila chupa na kopo unalolitumia, pamoja na yale uliyoyaacha katika miezi sita iliyopita. Ukiwa na picha zako za kila mwezi, zitafutie mahali pamoja kwenye simu kabla hujaingia, ili muda wa kuonana na daktari usiishie katika kuzitafuta.